Matone ya vitamini ya watoto: tuambiwe polisobeti ni kiasi gani

Ndugu Mhariri,

Salaam, na poleni na kazi. Mimi ni mtoa dawa kwenye duka la dawa muhimu hapa Morogoro, naomba nafasi niongelee hizi saplimenti za maji, yaani matone na sirapu za vitamini, hasa za watoto, maana kuna kitu kimo ndani yake ambacho karibu hakuna mteja anayekiuliza, na chupa nyingi ninazozishika hazisemi kipo kiasi gani. Ni emalsifaya za kiwandani, yaani vitu vya kushikanisha mafuta na maji, na inayoonekana sana kwenye lebo ni polisobeti 80, mahali pengine wanaandika E433 tu, pengine Tween 80, mzazi akisoma anaona namba anapita.

Kwanza inavyofanya kazi, bila hapo hatutaelewana. Vitamini A, D, E na K zinayeyuka kwenye mafuta, maji hazikubaliani nayo. Chukua glasi mbili za maji safi na chupa mbili za vitamini D, moja iliyotengenezwa kwa mafuta (zipo, wanatumia mafuta ya nazi) na nyingine ya maji yenye polisobeti. Dondosha tone la ile ya mafuta kwenye glasi ya kwanza, utaona linaelea juu limejikusanya, ukikoroga linakatika vipande vidogo vidogo alafu ukiacha kidogo vinatafutana vinaungana tena. Glasi ya pili tone linaingia ndani lenyewe bila kukoroga sana, linasambaa, na juu ya maji huoni hata duara moja la mafuta. Ni kazi ileile inayofanywa na sabuni kwenye sahani yenye mafuta: upande mmoja wa ile polisobeti unashika mafuta, upande wa pili unashika maji.

Kitu cha kushikanisha mafuta na maji sio kibaya chenyewe, nyongo yetu ndio kazi yake kila siku, na kiini cha yai kina lesitini inayofanya hivyo hivyo. Polisobeti ni tofauti kwa kuwa inatengenezwa, wanachukua sobitoli (inatokana na sukari) wanaiunganisha na asidi ya mafuta alafu wanapitisha gesi ya ethilini oksaidi, ambayo yenyewe inajulikana kusababisha kansa, kwahiyo kiwanda lazima kihakikishe mabaki ya hiyo gesi hayavuki kiwango kilichowekwa. Kiwanda makini kinapima. Ndio maana suala la kujua nani katengeneza na nani kapima sio la kulichukulia kirahisi.

Kuna tukio la Marekani ambalo naona kila anayeuza vitamini za watoto angetakiwa alijue. Mwishoni mwa 1983 iliingia sokoni sindano ya vitamini E ikiitwa E-Ferol, ya kuwachoma watoto njiti kwenye mshipa. Haikuwa imepitishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya kule, ilionekana ni vitamini tu, vitamini E watu wanaijua miaka yote, nani aogope vitamini. Sasa ili ikubali kukaa kwenye maji waliweka polisobeti 80 asilimia 9 na polisobeti 20 asilimia 1. Watoto wakaanza kujaa maji tumboni, ini linakua, figo zinashindwa kazi, chembe sahani za damu zinashuka, na mpaka inaondolewa sokoni Aprili 1984 vifo 38 vya watoto vilihusishwa nayo. Uchunguzi uliofuata ukainyooshea kidole polisobeti zaidi ya vitamini yenyewe.

Hapa naomba nieleweke vizuri kabisa maana najua habari kama hii ikishaingia kwenye magrupu ya WhatsApp inakuwa kitu kingine. Ile ilikuwa sindano ya mshipa, kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, kwa kiasi kikubwa. Polisobeti inayomezwa haiendi hivyo, ikifika tumboni vimeng'enya vinaikata, asidi ya mafuta inafyonzwa, na sehemu kubwa iliyobaki inatoka na choo. Na kwenye baadhi ya chanjo polisobeti ipo kwa maikrogramu, yaani sehemu za milioni za gramu, hiyo isimfanye mama yeyote aache kumpeleka mtoto kliniki. Vile vile ile kapsuli ya vitamini A wanayokamuliwa watoto mdomoni kwenye kampeni, ya bluu kwa wa miezi 6 hadi 11 na nyekundu kwa wa mwaka 1 kwenda juu, ile ni vitamini ndani ya mafuta, mpelekeni mtoto apate.

Ninachoongelea mimi ni chupa za kununua, zinazotumika kila siku mwezi baada ya mwezi bila mtu kuandikiwa.

Kikomo kipo. Wataalamu wa mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, walipitia polisobeti zote mwaka 2015 wakasema mtu asizidishe miligramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, zikijumlishwa polisobeti zote kutoka kila chanzo. Mtu mzima wa kilo 60 hiyo ni miligramu 1,500. Mtoto wa kilo 10 ni miligramu 250. Mtoto wa kilo 4 hesabu ingekupa 100, ila hapo ndipo watu wengi hawajui, hicho kikomo kwa mtoto mchanga hakitumiki kabisa, EFSA wanasema viwango vya namna hii havihusu watoto wa chini ya wiki 16, na kamati ya FAO na WHO ya viungio vya chakula yenyewe inasema chini ya wiki 12. Sababu ni kwamba utumbo, ini na figo za mtoto wa umri huo bado zinajengeka na huwezi kuchukua hesabu ya mtu mzima ukaigawanya kwa uzito ukasema tayari.

Sasa niambie, Mhariri, mama akija kaunta na mtoto mgongoni wa mwezi na siku kadhaa, akasema "dada nipe yale matone, ya jirani yangu yamemnenepesha mtoto", mimi namjibu kwa kutumia nini? Nageuza kopo, nasoma viambato, naona polisobeti 80, kiasi hakuna. Namuuliza nyumbani kuna nini kingine, anatoa kwenye mkoba sirapu ya multivitamini na matone ya madini chuma, nasoma na hizo, polisobeti ipo kwenye moja, nyingine imeandikwa propilini glaikoli (kimiminika cha kuyeyushia dawa), kiasi hakuna pote. Ananiangalia anasema "si ni vitamini tu dada?" Wanasema hivyo wengi na sio kosa lao, hata sisi tunaouza wengi tunaamini vitamini ikizidi inatoka na mkojo, na tukikumbuka kuwa vitamini A na D hazitoki hivyo tunaishia kwenye vitamini, hatufiki kwenye kile kilichobeba vitamini.

Nipige hesabu ya mfano tu, sio vipimo vya bidhaa yoyote. Tuseme sirapu ina polisobeti asilimia 2, hiyo ni miligramu 20 kwa kila mililita, kijiko cha mililita 5 ni miligramu 100. Mtoto wa kilo 10 akinywa kijiko kimoja yuko chini ya 250, hana shida. Akipewa za kampuni tatu tofauti, kijiko kimoja kimoja, amefika 300 kabla hajala chochote, na kama kuna askrimu au keki ya dukani yenye E433 hiyo inaongezeka juu. Kama ile sirapu ina nusu asilimia basi hata hizo tatu hazifiki popote na nimewatisha watu bure. Tofauti yote iko kwenye namba moja ambayo mtengenezaji anayo kwenye fomula yake na mimi na mama hatuna.

Kuna wanaosema kama haiingii kwenye damu basi haina neno. Swali linabaki, kama inabaki utumboni, huko inafanya nini? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia State kule Marekani, Benoit Chassaing na Andrew Gewirtz na wenzao, waliwapa panya maji yenye asilimia 1 ya polisobeti 80, na wengine kaboksimethili selulosi (hii ni E466, nayo ipo kwenye vidonge na sirapu nyingi), kwa wiki 12. Utumbo una ute unaoutenganisha ukuta wake na bakteria. Kwa wale panya bakteria walisogea karibu na ukuta kuliko kawaida, ukatokea uvimbe mdogo wa muda mrefu, wakanenepa, sukari ikaanza kuwasumbua, na wale waliokuwa tayari na asili ya ugonjwa wa utumbo wakaumwa zaidi. Panya sio mtu, sawa. Baadaye timu hiyo hiyo na wenzao wakafanya kwa watu wazima 16 wenye afya, baadhi wakala kaboksimethili selulosi gramu 15 kwa siku kwa siku 11, matokeo yakatoka rasmi 2022: bakteria wao wa tumboni walibadilika, na kwa watu wawili wale bakteria walisogelea ukuta wa utumbo kama ilivyokuwa kwa panya. Gramu 15 ni nyingi, kidonge hakina hata gramu 1, kwahiyo mtu asiniambie nimesema vidonge vinatoboa utumbo, sijasema.

Uingereza nako walichukua wagonjwa 154 wa ugonjwa wa Crohn, ule wa utumbo kuvimba na kuchubuka, nusu wakapewa mlo usio na emalsifaya nyingi kwa wiki 8, na waliopata nafuu walikuwa wengi zaidi upande huo. Ulikuwa mlo, haukuwa utafiti wa saplimenti. Ila fikiria mgonjwa wa namna hiyo, chakula hakifyonzwi vizuri, amepungua, damu iko chini, kitu cha kwanza ndugu wanachomnunulia ni nini? Vitamini za maji, "maana vidonge vinamsumbua". Yule ambaye utumbo wake ndio mbovu anakuwa ndiye anayekunywa zaidi.

Nije kwenye manjano, maana hii biashara imekuwa kubwa na watu wazima wengi wanaitumia kwa maungio na kisukari. Manjano ya jikoni haina tatizo, tunapikia pilau na mchuzi tangu zamani na mwili unaifyonza kidogo sana. Shida ni kwamba wenye viwanda hawapendi huko kufyonzwa kidogo, kwahiyo ile kukumini iliyomo wanaifunga ndani ya emalsifaya ili ipite. Mwaka 2014 Ujerumani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Hohenheim waliwapa watu 23 kukumini miligramu 500 kwa namna tofauti, na ile iliyofungwa kwenye polisobeti 80 ilionekana kwenye damu mara 185 zaidi ya unga wa kawaida. Mara 185, Mhariri. Na ule mchanganyiko ulikuwa kukumini asilimia 7 na polisobeti asilimia 93, piga hesabu mwenyewe, miligramu 500 za kukumini zinakuja na zaidi ya gramu 6 za polisobeti wakati kikomo cha siku cha mtu wa kilo 60 ni gramu moja na nusu. Ilikuwa dozi ya utafiti, ya mara moja, waliojitolea walikuwa chini ya uangalizi. Anayenunua kwenye grupu hana uangalizi.

Alafu mwaka 2022 shirika la Ufaransa la usalama wa chakula, ANSES, likatoa tahadhari: wamepokea taarifa zaidi ya 100 za madhara yanayoweza kuhusishwa na saplimenti za manjano, 15 kati ya hizo ni homa ya ini, na wakasema wazi kwamba zile zilizotengenezwa ili zifyonzwe zaidi zina hatari yake kwa sababu kikomo cha zamani kilipangwa kwa manjano ya kawaida. Hapa ndipo naona mjadala wetu unakosea tunapouliza emalsifaya ni sumu au sio sumu. Yenyewe inaweza kukaa kimya kabisa lakini ikafungulia mlango kitu kingine, ikiwemo dawa anazokunywa mtu za presha au za kisukari kwa wakati huohuo. Muuzaji anamwambia mteja "ni ya asili mama, haina kemikali", na kwenye lebo hiyo hiyo kuna E433.

Na tusijifanye kilichobeba dawa hakijawahi kuua Afrika. Gambia mwaka 2022 watoto karibu 70 walikufa kwa figo baada ya kunywa sirapu za kikohozi na mafua kutoka India, WHO ikatoa tahadhari Oktoba mwaka huo, na kilichokutwa ndani ni diethilini glaikoli na ethilini glaikoli, ambazo zinaingia pale kimiminika kama propilini glaikoli au gliserini kinaponunuliwa kichafu bila kupimwa. Hiyo sio emalsifaya na sio saplimenti, nakubali. Nimeitaja kwa sababu wazazi wale waliangalia jina la dawa tu, na hata wangesoma viambato vyote lebo isingewaambia.

Wapo watakaosema kuandika kiasi ni kutoa siri ya biashara. Mbona kwenye dawa inawezekana? Shirika la dawa la Ulaya, EMA, tangu 2017 linataka karatasi ya dawa iseme kuna miligramu ngapi za propilini glaikoli ikivuka kiwango fulani, na kwa mtoto wa chini ya siku 28 kiwango hicho kinaanzia miligramu 1 tu kwa kilo. Kampuni za dawa hazijafilisika kwa kuandika namba hiyo. Sirapu ya vitamini inakaa rafu moja na sirapu ya dawa, inanywewa na mtoto yuleyule, kwa kijiko kilekile.

Mimi kwa upande wangu pale kaunta ninachofanya ni hiki. Mtoto wa chini ya miezi minne simuuzii mama matone ya vitamini yoyote bila maelekezo ya kliniki, hata akinuna, hata akienda duka la pili. Aliyeandikiwa na daktari, mfano mtoto njiti anayepewa madini chuma, namwambia asiache, arudi amuulize aliyemwandikia. Mwenye zaidi ya chupa moja namwomba alete zote nizisome kwa pamoja, na mara nyingi tunakuta vitamini zilezile zimerudiwa mara mbili kwahiyo moja inaachwa na hela yake inabaki. Kama kuna vitamini D ya mafuta namshauri achukue hiyo. Anayekunywa saplimenti za manjano akaona macho yamekuwa ya njano au mkojo umekuwa wa rangi ya chai namwambia aache siku hiyohiyo aende hospitali na aende na chupa, asiitupe.

Ila haya ni ya duka moja. Tangu 2019 iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ilipogawanywa, chakula na vipodozi vikaenda TBS, shirika la viwango, na dawa zikabaki TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na sisi wa chini mteja akituuliza hii chupa ya vitamini iko kwa nani, wenzangu kwenye maduka wanatoa majibu tofauti tofauti. Kwa dawa tunazo fomu za njano za kuripoti madhara. Mteja akipata madhara ya saplimenti aliyonunua mtandaoni watu wengi wanaona haimhusu mtu, anaambiwa aache kutumia, imeisha hiyo, hakuna anayehesabu. Ufaransa wasingejua habari ya ini kama hakuna mtu aliyekuwa anaandika.

Kwahiyo ombi langu kwa gazeti lako, ambalo TBS na TMDA wakilipigia simu wanapokea, waulizeni mambo matatu na majibu myachapishe kama yalivyo. Saplimenti za maji za watoto zinazoingia nchini, je, fomula yenye kiasi cha polisobeti kwa dozi inawasilishwa wakati wa usajili, na kama inawasilishwa kwa nini haiandikwi kwenye lebo. Bidhaa inayosema inafaa "tangu kuzaliwa" inapitishwa kwa kigezo gani wakati kikomo cha kimataifa hakimhusu mtoto wa umri huo. Na madhara ya saplimenti yaripotiwe kwenye fomu ipi, ofisi ipi. Mkipata hata jibu la swali la tatu peke yake nitalibandika kaunta wiki hiyohiyo na nitawatumia wenzangu wa maduka ya hapa.

Mtoa dawa,
Morogoro